Nyangumi Mia Nne Mchangani

Walio wengi kati ya wasomaji wetu hawajaona bahari. Nchi yetu ya Kongo, kwa ukubwa wake wote, ina pwani ndogo tu huko Moanda, isiyofika hata kilomita 50, na sisi wa Kivu, wa Maniema na wa Katanga twajua zaidi maziwa na mito. Kwa hiyo nikitaja nyangumi, huenda mtu atawaza samaki mkubwa kupita wote, kisha atafunua ukurasa. Namwomba angoje kidogo. Nyangumi si samaki. Ana damu ya moto, huzaa, hunyonyesha, na pumzi yake huivuta juu ya maji kwa mapafu kama sisi. Tena jamaa yake wa karibu zaidi kati ya wanyama wote walio hai leo si papa wala mamba. Ni kiboko, yule yule wa ziwa Edward na wa mto Semliki. Wataalamu wameuhakikisha undugu huo kwa kulinganisha chembe za urithi za wanyama hao wawili. Kiboko huweza kuzaa majini, na mtoto wake huweza kunyonya chini ya maji. Nyangumi aliendelea na safari hiyo hiyo mpaka akaiacha nchi kavu kabisa.

Basi siku anapoirudia nchi kavu, aghalabu huirudia kwa kufa.

Habari ninayotaka kuisimulia ilitukia Nyuzilandi mwezi wa Februari 2017. Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha kusini cha nchi hiyo kuna ulimi wa mchanga, mrefu kupita kilomita 25, uliojikunja kuelekea mashariki kama mundu. Wazungu huuita Farewell Spit, kwa jina la rasi iliyo karibu, ambayo nahodha James Cook aliiita Rasi ya Kwaheri mwaka 1770 alipokuwa akiondoka katika nchi ile. Wamaori, wenyeji wa tangu zamani, huuita Onetahua, maana yake mchanga uliolundikana. Ndani ya mkunjo wa mundu huo mna ghuba yenye maji machache. Sakafu yake ni mchanga unaoteremka polepole sana, hata maji yakipwa hurudi nyuma kilomita kadhaa, na mahali palipokuwa na bahari asubuhi, mchana mtu aweza kutembea bila kulowa magoti. Ni mtego usiotegwa na mtu. Nyangumi wamekuwa wakiingia humo mara kwa mara; mwaka 2015 peke yake walikwama wapatao 200.

Nyangumi wa mahali pale ni wa aina iitwayo nyangumi rubani. Jina hilo lilitokana na wavuvi wa kale, waliodhani kwamba kila kundi lina kiongozi mmoja afuatwaye na wote. Ni weusi, kichwa chao cha mviringo kama chungu kilichofunikwa. Dume aliyekomaa hufika mita 6, na uzito wake hupita kilo 2,000, yaani ni mzito kuliko viboko walio wengi. Hula ngisi, ambao huwafuata vilindini gizani. Huishi katika makundi ya akina mama: bibi, binti zake na wajukuu, na majike wengine hupita miaka 60. Kwa kuwa gizani macho hayafai kitu, huona kwa masikio. Hutoa sauti kali, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye mwamba au kwenye windo. Walakini pwani ya mchanga unaoteremka polepole hairudishi mwangwi ulio wazi. Wataalamu wengi huona kwamba hapo ndipo nyangumi anapodanganyika: hudhani mbele yake ni bahari tupu, hata tumbo lake likaguse chini.

Alhamisi tarehe 9 Februari, yapata saa mbili za usiku, jua likiwa halijatua vema kwa kuwa huko Februari ni kiangazi, watu wa Idara ya Hifadhi ya nchi ile walipata habari kwamba nyangumi wengi wanaelekea pwani. Hapo palihitajika shauri gumu. Waende usiku ule, au wangoje kupambazuke? Waliamua kungoja. Msomaji asiwahukumu kwa haraka kuwa walikosa moyo. Mnyama wa kilo 2,000 akipindukia gizani, katika maji ya kiuno, humlalia mtu kama gogo. Pigo moja la mkia huvunja mguu au mgongo. Idara ile imefanya kazi hiyo miaka mingi, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba mtu asife kwa ajili ya nyangumi. Hata hivyo usiku ule ulikuwa na gharama yake, nao waliijua tangu mwanzo.

Kulipopambazuka Ijumaa, walihesabu nyangumi 416 juu ya mchanga. Zaidi ya 250 walikuwa wamekwisha kufa.

Yafaa tueleze wanakufaje, maana mtu aweza kufikiri kwamba mnyama avutaye hewa hawezi kudhurika kwa kulala mahali penye hewa. Baharini, maji humbeba nyangumi, na mifupa yake haikuumbwa kuuchukua uzito wake mwenyewe. Juu ya mchanga, mwili wake huyakandamiza mapafu na maini yake. Kila pumzi ni kazi, na nyama zisizopata damu huanza kufa na kutia sumu mwilini. Tena amevikwa tabaka nene la mafuta limkinge na baridi ya vilindi. Akiwa juani, vazi hilo humgeukia. Damu yake hupata moto, na ngozi yake, ambayo haikuzoea jua, hubabuka na kupasuka. La mwisho ni la kusikitisha zaidi. Nyangumi aliyelala ubavu, maji yakianza kujaa, hufunikwa tundu lake la pumzi kabla ya maji kutosha kumwinua. Hapo mnyama wa bahari hufa maji, tena katika maji yasiyompita mtu magoti.

Asubuhi ile watu walianza kuja. Wengine walitoka vijiji vya karibu, Puponga, Collingwood na Takaka. Wengine walivuka mlima kwa gari kutoka mji wa Nelson. Wengine walikuwa wageni waliokuja likizo, wakaacha mahema yao. Hesabu yao ilifika mia tano hivi. Miongoni mwao walikuwamo waliofundishwa na chama kiitwacho Project Jonah, kilichoanzishwa mwaka 1974 na kupewa jina la nabii Yona, jambo lisilohitaji maelezo kwa wasomaji wa gazeti hili. Chama hicho huwafundisha watu wa kawaida, wake kwa waume, kwa siku moja tu. Hutumia mfano wa nyangumi uliotengenezwa kwa mpira, mkubwa kama nyangumi wa kweli, wakaujaza maji ili wanafunzi wapate kuuona uzito wenyewe kwa mikono yao. Mimi niliye mwalimu niliposoma hayo niliwaonea wivu, kwa kuwa sisi mara nyingi huwafundisha watoto uzito wa vitu kwa chokaa ubaoni.

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Mtu mwenye ndoo moja, akizungukwa na miili mia nne, hawezi kuwahudumia wote, naye akitaka kuwahudumia wote hataokoa hata mmoja. Kwa hiyo wenye ujuzi hupita mbele, wakitazama tundu la pumzi. Nyangumi rubani huweza kukaa dakika kadhaa bila kuvuta pumzi, basi hawawezi kumtangaza mfu kwa kutazama mara moja, hungoja, wakisikiliza. Aliye hai huwekewa watu wake. Aliyekufa huachwa, hata akiwa amelala ubavuni mwa aliye hai, hata akiwa mtoto. Nadhani hapo ndipo wengi wa wale waliojitolea walipoelewa wamekuja kufanya kazi gani.

Halafu huja kazi yenyewe, ambayo haina ajabu yoyote. Kuna mashuka, ndoo na sepeto. Nyangumi aliyelala ubavu hugeuzwa taratibu alale kwa tumbo, watu wengi wakisukuma pamoja, pezi la upande wa chini likiwa limekunjwa ubavuni lisivunjike. Chini ya kila pezi huchimbwa shimo, lijazwe maji, maana katika mapezi na mkia ndimo damu yake inamopoa. Mwili hufunikwa mashuka yaliyolowa, ila tundu la pumzi huachwa wazi, wala maji hayamwagwi hapo. Watu hukaa mbali na mkia. Hawapigi kelele. Huteka maji, humwaga, hurudi kuteka. Na maji yakiwa yamepwa mbali, kila ndoo ni mwendo. Saa ya kwanza mtu hufanya hayo kwa furaha. Saa ya nne mikono humtetemeka, na mnyama bado anavuta pumzi ile ile nzito, haonyeshi hata dalili kwamba ajua anasaidiwa.

Huenda mtu atauliza: kwa nini wasimfunge kamba mkiani, wamvute kwa trekta hata majini? Jibu ni kwamba uti wa mgongo wa nyangumi huishia katika mkia, na kumvuta kwa mkia ni kumtengua. Kuna chombo kilichobuniwa huko Nyuzilandi, mikeka yenye maboya ya kupulizwa pande mbili, ambayo nyangumi huviringishwa juu yake na kuelea. Ni chombo kizuri, ila kwa nyangumi mia na zaidi hakitoshi. Kwao hapana dawa ila bahari yenyewe, nayo ina saa zake.

Mwezi ulikuwa mpevu siku hizo. Watu wa pwani huita bamvua maji yale makubwa yajayo mwezi ukiwa mpevu au mwezi ukiandama, ambayo hujaa sana na kupwa sana. Ijumaa ile maji yalijaa yapata saa nne na nusu asubuhi. Watu waliingia baharini, wengine wamevaa mavazi ya mpira, wengine nguo walizokuja nazo, wakawashikilia nyangumi wasimame wima. Mnyama aliyelala mchangani usiku kucha huwa amepoteza mizani. Akiachwa mara moja, hupinduka na kufa maji. Hutikiswa polepole, huku na huku, mpaka nyama zake zilegee na akili zimrudie. Tena hawaachiwi mmoja mmoja. Aliyeachiwa peke yake husikia sauti za wenziwe walio mchangani, naye huwarudia. Basi watu huwashika wote mpaka wako tayari, halafu huwaachia pamoja, na kuwasukuma waelekee vilindini.

Wapatao 50 walikwenda. Lakini 80 au 90 hivi waligeuka na kurudi pwani, na maji yalipopwa walikuwa tena juu ya mchanga, jua la adhuhuri likiwaka.

Kwa nini hurudi? Swali hili ni la kale. Aristoteles, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba pomboo hupanda nchi kavu na sababu yake haijulikani. Leo twajua zaidi kidogo. Twajua kwamba mashine za manowari zipigazo sauti kali chini ya maji zaweza kuwaua nyangumi wa aina fulani; serikali ya Marekani yenyewe ilikubali hivyo baada ya mkasa wa visiwa vya Bahamas wa mwaka 2000. Twajua pia kwamba si kila mkasa una mkosaji. Aprili 2006, huko Unguja kati ya Nungwi na Kendwa, pomboo mamia walikutwa wamekufa ufukweni. Wataalamu waliwapasua, wakatafuta sumu na majeraha, na mpaka leo hawajakubaliana juu ya sababu. Onetahua haihitaji manowari. Umbo lake latosha.

Kuhusu nyangumi rubani, kwa muda mrefu watu walisema: ni upendo wa jamaa. Mmoja huugua au hupotea, nao ndugu zake hawamwachi, wanakufa naye. Maelezo hayo hupendeza, na wengine huyatumia kama fumbo la kuwafundishia watoto. Lakini mwaka 2013 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa nyangumi 490 waliokwama katika mikasa 12 huko Nyuzilandi na Tasmania, wakapima chembe za urithi za kila mmoja. Walikuta kwamba kundi lililokwama si ukoo mmoja, bali koo kadhaa zilizochanganyika. Jambo la pili walilokuta ni chungu zaidi: ndama wengi walilala mbali na mama zao, na wengine mama zao hawakuonekana kabisa kati ya wafu. Wataalamu hao walifikiri kwamba huenda vurugu huanza kabla ya mchanga, koo zinapokutana baharini na jamaa kutenganishwa.

Sioni kwamba jambo hilo limewapunguzia nyangumi heshima. Ila limewafundisha waokoaji. Zamani ndama aliwekwa kando ya jike aliye karibu, wakidhani ni mama yake, wakaachiwa wawili hao pamoja. Sasa wanajua kwamba jike huyo huenda ni mgeni kwake, na kwamba nyangumi anayegeuka kurudi pwani huenda hakupotewa na akili, bali anamtafuta mtu wake ambaye bado yuko mchangani, au ambaye amelala pale amekufa.

Ijumaa alasiri watu walirudia ndoo zao. Usiku ulipoingia waliondolewa pwani, kwa sababu ile ile ya jana yake.

Jumamosi asubuhi walirudi. Maji yalipojaa waliwasukuma tena walio hai, na safari hii waliojitolea walishikana mikono, wakasimama majini kama ua mrefu kati ya nyangumi na pwani, maji yakiwafika wengine shingoni. Walisimama hivyo wakitetemeka kwa baridi, maana hata kiangazi bahari ile si kama ya kwetu. Wanyama 20 hivi waliokuwa wamedhoofika kupita tumaini, maofisa wa Idara waliwaua kwa bunduki. Sheria ya Nyuzilandi haimruhusu mtu mwingine yeyote kulikata shauri hilo, nalo ni jema hivyo. Watu waliomwagia mnyama maji siku mbili hawafai kuulizwa kama apigwe risasi.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Siku hiyo hiyo nyangumi wengine zaidi ya 200 waliingia ghubani na kukwama. Waokoaji walikuwa wamewatia alama wale waliowasukuma baharini. Hawa wapya hawakuwa na alama. Lilikuwa kundi jingine kabisa. Giza lilikuwa linakaribia, watu wamechoka, mashuka hayatoshi. Wakaamriwa kuondoka.

Usiku ule maji makubwa ya bamvua yalijaa tena. Jumapili asubuhi walipofika pwani, walikuta wachache tu waliobaki mchangani. Wengine wote, mia mbili na zaidi, walikuwa wameelea wenyewe na kwenda zao, pasipo mkono wa mtu.

Kwa jumla nyangumi waliokwama siku zile walipita 600, na waliokufa walipita 300. Wapo wasemao, hata huko Nyuzilandi, kwamba hesabu ya Jumapili yaonyesha kazi ya Ijumaa ilikuwa bure: bahari ikitaka kuwatoa huwatoa, isipotaka hurudisha hata waliosukumwa. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mwaka 2023, huko Australia ya Magharibi, nyangumi wapatao 97 walikwama Cheynes Beach. Watu walifanya kazi ile ile kwa moyo ule ule, na hakuokoka hata mmoja. Lakini mwaka 2020 huko Tasmania, kati ya 470, walirudishwa baharini zaidi ya 100, baada ya kazi ya siku kadhaa katika maji ya baridi. Mimi naona kwamba hoja ya bure inasahau jambo moja. Kundi la Jumamosi lilikaa mchangani saa chache, na sehemu yake kubwa ilikuwa usiku. Wale wa Ijumaa walilala juani mchana kutwa baada ya usiku kucha, na waliofikishwa hai hadi maji ya Jumamosi walifikishwa kwa ndoo. Ndoo haikuwaokoa, iliwawekea muda mpaka maji yaje. Kazi ya muuguzi katika hospitali zetu, mara nyingi, haizidi hapo.

Walibaki wafu. Mwili wa nyangumi, kwa kuwa mafuta yake huhifadhi moto, huoza ndani upesi, hewa mbaya ikajaa tumboni hata ngozi ikatutumka na kuweza kupasuka kwa kishindo. Wakuu wakaufunga ufuko watu wasipite. Wafanyakazi waliovaa nguo za kujikinga walipita mwili kwa mwili, wakiwa na visu na sindano ndefu za chuma, wakawatoboa mmoja baada ya mwingine, hewa itoke. Wamaori, ambao kwao nyangumi ni hazina ya mababu, huwaombea wafu wa namna hiyo kwa sala zao, na kwa ruhusa ya Idara huweza kuchukua mifupa ya taya kwa kuchonga. Mizoga ikasogezwa ndani ya eneo la hifadhi la Onetahua, ikaachiwa mchanga, upepo na ndege. Project Jonah wakakusanya mashuka, wakayafua, wakayarudisha ghalani.